Jipe ya rafia ya nkambo, usiitupe

Siku ya posho binti yetu atacheza ku ndoa ya mjomba wake, na jipe ya Kikuba nkambo aliyomwachia iko na matundu matatu. Kununua ingine? Mushahara ungali mbali, na mufuko wa unga uko karibu kwisha.

Kule Kasai, kwa Bakuba, wanaume ndio wanafuma rafia, wanawake wanashona. Kitambaa kinatwangwa mu kinu kusudi kilainike, na kutwanga kule kunakipasua. Wazee wanaeleza kwamba viraka vya kufunika yale matundu ndivyo vilizaa maua tunayoyasifu leo.

Basi mama, kiraka usikifiche. Kata kipande cha rafia ya zamani, kunja kando zake, shona juu ya tundu. Rafia kavu inavunjika: ipanguse kwanza na kitambaa chenye maji kidogo. Usiloweshe jipe nzima, rangi nyekundu ya tukula itatoka! Uzi usiuvute sana. Kisha ongeza viraka viwili pale pasipo na tundu, nani atajua?

Tundu la tatu tumeliacha. Jipe hii inazungushwa kiunoni mara nyingi, na lenyewe liko upande wa ndani.