Usimwombe muuzaji apunguze bei kwenye invoisi

Swali ni lilelile, na mara nyingi huja mzigo ukiwa umeshapakiwa Guangzhou au Yiwu: "Nimwambie muuzaji aandike bei gani kwenye invoisi?" Anayeuliza hata hanong'oni. Ameambiwa na wenzake Kariakoo kwamba biashara ya nje ndivyo inavyokwenda, kwamba muuzaji mwenyewe ndiye hukuuliza uandikiwe ngapi, na kwamba anayeandika bei ya kweli bado hajaujua mji. Nimelijibu swali hili kwenye simu, kwenye semina, hata msibani. Aandike bei uliyomlipa. Sina jibu jingine.

Najua jibu hilo huchukuliwa kuwa mahubiri. Basi leo tuache uadilifu pembeni, tuhesabu fedha tu.

Tuseme umeleta blenda 2,000. Kila moja imekugharimu shilingi 50,000 mpaka bandari ya Dar es Salaam, pamoja na nauli ya meli na bima. Thamani ya forodha ni shilingi milioni 100. Ushuru, tuseme 25%, ni milioni 25. VAT ya 18% inapigwa juu ya jumla ya milioni 125, inakuwa milioni 22.5. Ukiwa umesajiliwa, VAT hiyo utaidai kwenye ritani yako, kwa hiyo si gharama. Unauza mzigo wote kwa milioni 160 bila VAT. Faida ni milioni 35, kodi ya mapato ya 30% ni milioni 10.5, mfukoni inabaki milioni 24.5. (Tozo ndogondogo, mishahara na kodi ya pango nimeziacha. Ukiziingiza, matokeo hayageuki.)

Sasa ufuate ushauri wa kijiweni. Invoisi inasema kila blenda ni shilingi 20,000, thamani ni milioni 40, ushuru unalipa milioni 10. Umeokoa milioni 15 na unajipongeza. Lakini vitabu vyako vitasema nini mwisho wa mwaka? Gharama ya mzigo ni milioni 50, mauzo ni milioni 160, faida ni milioni 110. Kodi ya mapato ni milioni 33. Hesabu fedha halisi: zimeingia 160, umemlipa muuzaji 100, ushuru 10, kodi ya mapato 33. Zimebaki milioni 17. Umedanganya, umekaa roho juu kwa wiki kadhaa, na umepoteza milioni 7.5 ambazo mwenzako mkweli anazo benki. VAT nayo haikukusaidia kitu, maana ulichopunguza bandarini umekilipa ulipouza.

Sababu ni nyepesi. Kila shilingi unayoifuta kwenye invoisi unaifuta pia kwenye gharama zako, na kwa kampuni gharama iliyofutwa inatozwa 30%. Mtu binafsi aliye kwenye kiwango cha juu, naye ni hiyohiyo 30%. Hata kwa bidhaa iliyo kwenye daraja la 35%, lililoanza Julai 2022 katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, hesabu bado inakukataa: kwa kila shilingi 100 unayoificha unaokoa 35 za ushuru na kulipa 40.50 za kodi ya mapato. Nimewaonyesha watu hesabu hii kwenye karatasi wakabaki wameikodolea macho, na ni watu ambao wana wahasibu wao.

Hapo ndipo jibu la pili hutokea: "Basi mauzo nitayaficha pia." Sawa, utayafichaje? Blenda 2,000 haziuzwi mojamoja gizani. Hoteli, shule na wauzaji wa jumla wa mikoani wanataka risiti ya EFD, kwa sababu bila hiyo wao nao hawawezi kukata gharama wala kudai VAT. Ukikataa kuitoa, umejifungia nje ya wateja wenye fedha. Ukiitoa, tumerudi kwenye hesabu ya juu. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio, ambaye mauzo yake ya mwaka hayavuki shilingi milioni 100, hakati gharama, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Ila mwenye kontena la milioni 100 hayumo kwenye kundi hilo, asijifariji nalo.

Na yote hayo nimeyahesabu nikidhani uongo umepita. Mara nyingi haupiti. Afisa wa uthaminishaji hana haja ya kukufahamu. Anaona blenda yenye mota, jagi la kioo, kisu cha chuma na boksi la rangi, imesafirishwa kutoka China, inauzwa kwa bei ya jagi peke yake. Anafungua kumbukumbu za blenda za aina hiyo zilizoingia karibuni. Anauliza ulilipa vipi. Hapo unahitaji ushahidi wa malipo, na ushahidi wako unasema 50,000 wakati invoisi inasema 20,000.

Wengi hawajui wanachokitupa hapo. Huambiana kwamba "TRA wanajipangia bei", kwa hiyo ukiandika ndogo wataipandisha tu, bora uanzie chini. Sheria inasema vingine kabisa. Mkataba wa kimataifa wa kuthaminisha bidhaa, uliotokana na mazungumzo ya Tokyo yaliyomalizika 1979 na ukaingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995, unaanza na bei uliyolipa au utakayolipa. Unakataza bei za chini zilizopangwa na thamani za kubuni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyabeba masharti hayo katika Jedwali lake la Nne. Forodha ikiwa na shaka, lazima ikupe nafasi ya kuthibitisha. Ni pale unaposhindwa ndipo inaposhuka ngazi: kwanza bei ya bidhaa ileile iliyoingia wakati huohuo, kisha bidhaa inayofanana, kisha bei ya sokoni humu nchini ikitolewa faida na kodi, kisha gharama za kuitengeneza, mwisho kabisa makadirio yenye msingi. Kila ngazi unayoshushwa, sauti yako inapungua. Mwenye invoisi ya kweli na hati ya benki anasimama ngazi ya kwanza na ana haki ya kubaki hapo, hata kama alinunua kwa bei ya chini kuliko wenzake wote. Mwenye invoisi ya uongo ameiachia haki hiyo mwenyewe, halafu anaenda kulalamika kwamba ameonewa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wakati mnavutana, kontena limekaa. Bandari inahesabu siku, kampuni ya meli inahesabu siku za kontena lake, na msimu unapita. Kuwasilisha hati ya uongo ni kosa chini ya sheria hiyohiyo: faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi miaka mitatu. Usidhani mzigo ukishatoka getini mambo yameisha, maana una wajibu wa kutunza hati zako kwa miaka mitano na forodha inaweza kuja kuzikagua dukani.

Tena kuna bahari. Bima hulipa kwa thamani iliyokatiwa. Mzigo wa milioni 100 uliokatiwa bima kwa invoisi ya milioni 40 ukizama, milioni 60 zimezama nao. Na blenda zikifika zimeungua mota, utamdai muuzaji kwa hati ipi? Hati inayosema ulimlipa 40, wakati zile 60 pengine zilipita mkononi kwa mtu wa kubadilisha fedha asiyetoa risiti?

Kwenye magari yaliyotumika invoisi ya uongo haina hata pa kukaa, kwa sababu TRA ina kikokotoo chake ambacho yeyote anaweza kukifungua kwenye tovuti yao kabla ya kununua. Kwenye mitumba, ushuru wa pamoja ni 35% au senti 40 za dola kwa kilo, ile iliyo kubwa. Mizani haidanganyiki.

Njia za halali za kupunguza gharama zipo, ila watu hawaziulizii. Kamisheni ya wakala wako wa kununua, yule anayezunguka na wewe sokoni Guangzhou, haiingii kwenye thamani ya forodha. Itenganishe kwenye hati yake, na muwe na mkataba wa maandishi. Punguzo la bei ulilopewa kweli kabla ya mzigo kuingia ni halali, mradi lionekane kwenye invoisi na kwenye malipo. Gharama za kufunga mashine baada ya kufika, na usafiri wa kutoka bandarini hadi Mwanza, zinatolewa zikiandikwa peke yake. Hakikisha namba ya ushuru ya bidhaa ni sahihi, maana mashine ya kiwandani inaweza kuwa 0% na chombo cha nyumbani 25%. Ukiwa na shaka, omba uamuzi wa forodha wa maandishi kabla ya kuagiza. Ununuapo Kenya, Uganda au nchi nyingine ya Jumuiya, dai cheti cha asili. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi kinachotolewa mpakani. Bidhaa zilizo kwenye orodha ya TBS zikaguliwe kabla hazijapakiwa. Lipa kwa benki. Usiporidhika na thamani uliyopangiwa, una siku 30 za kumwandikia Kamishna, na mkataba wa kimataifa unakuruhusu kuchukua mzigo kwa dhamana wakati mgogoro unaendelea.

Na wewe ambaye kontena lako liko baharini na invoisi ya uongo, bado una muda. Hati ya shehena kwa kawaida haina bei ya bidhaa. Kinachokufunga ni tamko litakaloingizwa kwenye mfumo kwa jina lako. Leo hii mwandikie muuzaji akutumie invoisi yenye bei uliyomlipa, iambatanishe na hati zote za malipo, na umpe wakala wako wa forodha hiyo peke yake. Nauli na bima zikiwa kwenye hati nyingine, mpe hizo pia, zisije zikakadiriwa. Kampuni ya bima nayo ipigie leo, ibadilishe thamani ya mzigo kabla meli haijafika.