Mchujo Ambao Boyoma Haikuulizwa

Tarehe 20 Novemba 2023, Moïse Katumbi alifungua kampeni yake ya urais hapa Kisangani. Hakuanzia Lubumbashi, ngome yake. Alikuja Boyoma, kama tunavyouita mji huu, ambako Kiswahili na Kilingala hukutana kila asubuhi sokoni bila kugombana. Siku moja kabla, waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo alikuwa ametangaza kumwachia nafasi. Kwa watu waliotaka mabadiliko hiyo ilikuwa habari njema: pengine safari hii upinzani ungefika kwenye sanduku la kura ukiwa na jina moja.

Haukufika. Wiki iliyotangulia wajumbe wa wapinzani wakuu walikuwa Pretoria, Afrika Kusini, wakitafuta mgombea wa pamoja, na walirudi bila wote kukubaliana. Martin Fayulu alibaki kwenye kinyang'anyiro. Denis Mukwege, daktari wa hospitali ya Panzi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alibaki pia. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Félix Tshisekedi zaidi ya asilimia 73, Katumbi 18 na Fayulu 5.

Msomaji atasema kwamba hata ukijumlisha kura za wapinzani wote, hazitoshi. Kwa hesabu zilizotangazwa, ni kweli. Lakini mgawanyiko ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake kabla ya kura ya kwanza kuhesabiwa. Nchi ilipangiwa vituo zaidi ya 70,000 vya kupigia kura, na katika kila kimoja mgombea anahitaji shahidi wa kukaa mpaka usiku, kuangalia hesabu na kuondoka na nakala ya matokeo. Chama gani cha upinzani kingeweza peke yake kupeleka watu hao mpaka Opala, Bafwasende na Ubundu? Asiye na shahidi hana karatasi, na asiye na karatasi hubaki na malalamiko.

Kuna hasara nyingine, nayo iko majumbani. Watu wanaotaka mambo yaleyale, yaani kura inayohesabiwa kwa haki, mwalimu anayelipwa, barabara inayopitika, wameitana wasaliti. Neno “kolabo” limerushwa kati ya ndugu wa tumbo moja. Makala haya yanahusu jeraha hilo na namna linavyoweza kupona.

Saa ishirini na nne za Geneva

Jeraha lenyewe ni la tangu mwaka 2018. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, viongozi saba wa upinzani walikutana Geneva chini ya usimamizi wa Wakfu wa Kofi Annan: Félix Tshisekedi, Vital Kamerhe, Martin Fayulu, Moïse Katumbi, Jean-Pierre Bemba, Adolphe Muzito na Freddy Matungulu. Walipiga kura wao kwa wao, na jina lililotoka lilikuwa la Fayulu. Muungano ukaitwa Lamuka, yaani “amka”.

Haikupita hata siku mbili. Wanachama wa UDPS, chama cha Tshisekedi, walijaa barabarani Limete, Kinshasa, wakikataa uamuzi huo, na wale wa UNC ya Kamerhe nao wakapinga. Tarehe 12 Novemba Tshisekedi na Kamerhe waliondoa sahihi zao, na tarehe 23 Novemba wakatia saini mkataba wao wenyewe jijini Nairobi. Desemba 30 Wakongo walipiga kura. Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Fayulu akapewa 34.83, na Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema wazi kwamba matokeo hayo hayalingani na yale lililoyakusanya.

Tangu hapo, anayempenda Fatshi, yaani Tshisekedi, na anayempenda Mafa, yaani Fayulu, hawajakaa vizuri kwenye benchi moja. Mmoja anasema: mlitaka kutuuza Geneva. Mwingine anajibu: nyinyi ndio mliotuuza Kinshasa. Kila mmoja ana ushahidi wake, na mjadala huo hauna mwisho.

Lakini tutazame kilichotokea Geneva kwa utulivu. Ule ulikuwa mchujo, mchujo wa kweli, wenye wagombea na kura na mshindi. Kasoro yake ni kwamba wapiga kura walikuwa saba. Mama anayeuza pondu Mangobo hakuulizwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani hakuulizwa. Hata mwanachama wa UDPS mwenye kadi ya miaka ishirini aliusikia uamuzi redioni kama mgeni. Mtu anaweza kukubali kushindwa katika shindano aliloshiriki. Kushindwa kwa niaba, hotelini, ng'ambo, katika lugha ya mikataba, hakukubaliki kwa urahisi, na hasira yake haimwendei aliyekuzuia kuulizwa. Humwendea jirani anayeshangilia.

Sheria inayotulazimisha kugombana

Sababu nyingine hatuizungumzii vya kutosha. Katiba ya 2006 ilitaka rais apatikane kwa duru mbili ikiwa hakuna aliyepata zaidi ya nusu. Januari 2011 ibara hiyo ilibadilishwa, na sasa anayeongoza anashinda, hata kama wengi walimkataa. Desemba mwaka huohuo Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Étienne Tshisekedi alipata 32.33, Kamerhe 7.74, Kengo wa Dondo karibu 5. Waliomkataa Kabila, kwa hesabu rasmi zenyewe, walikuwa zaidi ya nusu ya waliopiga kura. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Duru mbili hufanya kazi ya mchujo kwa taifa zima. Katika duru ya kwanza mtu hupiga kura ya moyo wake. Katika ya pili hukaa, huhesabu, na kujiunga na mwenzake bila aibu, kwa kuwa mgombea wake ameshapimwa mbele ya wote. Ukiondoa duru hiyo, unawataka watu wakubaliane kabla ya kupimwa, na hapo ndipo tuhuma huanzia: kwa nini ajitoe wangu, na wako abaki?

Duru ya pili haileti amani yenyewe. Mwaka 2006 ilimkutanisha Kabila na Bemba, mashariki ikaenda huku na magharibi kule, na katikati ya duru hizo mbili bunduki zililia Kinshasa. Hata hivyo, inampa mpiga kura nafasi ya kuchagua mara mbili, na nafasi hiyo tumeipoteza.

Mji uliolipa madeni ya wengine

Kisangani haina haja ya kufundishwa gharama ya washirika kufarakana. Mwaka 1999 waasi wa RCD waligawanyika. Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa mhadhiri wa historia Dar es Salaam, alisukumwa nje na wenzake wa Goma akahamia hapa. Nyuma ya upande mmoja ilisimama Uganda, nyuma ya mwingine Rwanda, majeshi yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi hayo yalipigana ndani ya mji kwa makombora zaidi ya 6,000. Raia mamia waliuawa. Mpaka Februari 2022 ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa yake ya miaka hiyo ya vita.

Karibu zaidi, tangu mwaka 2023, ng'ambo ya mto katika komini ya Lubunga, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu mamia na kuwafukuza maelfu majumbani. Haukuwa ugomvi wa vyama. Umetuonyesha tu jinsi maneno ya dharau kati ya watu waliooana, waliosali kanisa moja, yanavyogeuka mapanga. Mwanasiasa anayekuja hapa kuchochea “watu wetu” dhidi ya “watu wao” anacheza na moto uliokwisha kutuunguza.

Lakini mji huu una kumbukumbu nyingine pia. Julai 1959 chama cha MNC kiligawanyika: Albert Kalonji, Joseph Ileo na Cyrille Adoula upande mmoja, Patrice Lumumba upande mwingine. Oktoba Lumumba aliitisha kongamano la upande wake hapa, ilipokuwa Stanleyville, mji aliofanyia kazi posta. Machafuko yakazuka, watu wengi wakauawa, naye akakamatwa. Januari 1960 Wabelgiji walipowaita viongozi wa Kongo kwenye Meza ya Duara Brussels, walitarajia kukuta vyama vinavyotafunana. Badala yake wajumbe wa Kongo waliunda umoja na kudai Lumumba aachiliwe aje akae nao. Aliachiliwa. Siku chache baadaye tarehe ya uhuru, 30 Juni, ilikuwa imepatikana.

Washindani walimdai mshindani wao gerezani, kwa kuwa walijua mazungumzo bila yeye hayangekuwa na uzito. Somo la pili ni chungu: umoja huo ulikubaliana juu ya tarehe ya uhuru, haukukubaliana juu ya namna ya kugombana baada ya uhuru. Kufikia Septemba Rais Kasa-Vubu alikuwa amemfuta Lumumba kazi, na Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa Katanga.

Majirani walivyojaribu

Wakenya walipitia njia hii. Mwaka 1992 upinzani wao uligawanyika, na Daniel arap Moi akashinda kwa kura kama asilimia 36. Baada ya miaka kumi Raila Odinga alisimama Uhuru Park, Oktoba 2002, akasema “Kibaki tosha”, na Mwai Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Ila makubaliano ya kugawana madaraka yaliyotiwa saini na wakubwa hayakuheshimiwa, na mpasuko huo ulichangia moto wa baada ya uchaguzi wa 2007.

Tanzania imejaribu njia ya wazi zaidi. Januari 2025 uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha Chadema ulimkutanisha Freeman Mbowe, aliyekishika kiti hicho miaka mingi, na Tundu Lissu, aliyekuwa makamu wake. Kampeni ilikuwa kali, wafuasi walitukanana hadharani. Wajumbe wakapiga kura Mlimani City, Dar es Salaam, na nchi nzima ikakesha ikifuatilia: Lissu 513, Mbowe 482. Mbowe alikubali na kumpongeza mshindi asubuhi hiyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Baadaye kundi la viongozi lilihama chama, na Lissu mwenyewe alikamatwa Aprili akashtakiwa kwa uhaini, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kura moja ya uwazi huponya kila kitu. Lakini hakuna Mtanzania anayeweza kudai kwamba hakujua nani alishinda na kwa kura ngapi. Geneva haikutupa hilo.

Tiba ianzie hapa

Tarehe 23 Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alitangaza hapahapa Kisangani kwamba ataunda tume ya kuandaa katiba mpya. Wengi waliona hatari juu ya ibara ya 220, inayokataza kugusa idadi ya mihula ya rais, na wana haki ya kuilinda. Lakini wapenda mageuzi wana jambo moja wanaloweza kulidai kwa sauti moja, wawe wa Katumbi, wa Fayulu au wa mtu mwingine: ikiwa ibara yoyote itaguswa, irudi ile ya duru mbili. Ni dai lisilo na jina la mtu, na ni rahisi kuanza kukaa pamoja juu ya jambo lisilo na jina la mtu.

La pili, kabla ya 2028, anayetaka kuwa mgombea wa pamoja aje kuomba kura na kuulizwa maswali hapa. Komini sita za Kisangani, yaani Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, zinaweza kuchagua wajumbe kwa uwazi, kura zikahesabiwa mbele ya watu, redio zikatangaza usiku huohuo. Bukavu na Goma, zilizochukuliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, huenda zisiweze kwa sasa. Hiyo ni sababu zaidi kwa mji unaoweza kuonyesha njia.

La tatu, kanuni ya anayeshindwa iandikwe kabla ya kujua nani atashindwa. Iseme atapata nafasi gani katika kampeni, mashahidi wake watawekwa wapi, na mshindi atamshauri juu ya nini. Kilichoivunja Kenya baada ya 2002 kilikuwa ahadi zilizofanywa na wakubwa na kukumbukwa na wakubwa peke yao. Ahadi iliyosomwa parokiani na sokoni ina mashahidi wengi zaidi.

La nne ni letu sisi, na halisubiri kiongozi yeyote. Tangu Goma ianguke, neno “msaliti” limepata uzito wa kuua, na anayelitumia kwa jirani aliyempigia kura mgombea mwingine anajua linaweza kumfikisha wapi. Mzee wa avenyu, mchungaji, kiongozi wa waendesha toleka (baiskeli za abiria), mwalimu: kila mmoja ana watu wanaomsikiliza, na anaweza kukataa neno hilo litumike mbele yake. Kisha anaweza kuwauliza wote wawili, wa Fatshi na wa Mafa, wanataka nini kifanyike katika komini yao. Majibu yao yatakaribiana kuliko wanavyodhani.

Viongozi wamekwenda Geneva, Nairobi na Pretoria kutafuta umoja, na kila mara wamerudi na karatasi. Waje sasa Kisangani watafute kura, watuulize sisi, na wakubali jibu.