Kofta za Mchuzi kwa Wageni wa Sherehe

Katika kambi ya polisi ya Nsambya, jijini Kampala, sherehe haina idadi ya wageni. Askari apandishwapo cheo, au mtoto abatizwapo, wanaoalikwa huwa 15 na wanaofika huwa 30, kwani majirani huishi ukuta kwa ukuta na harufu ya kitunguu haifichiki. Wale waliowahi kukaa katika nyumba za mabati ambazo askari wa Uganda huziita "mama ingia pole" wanajua jambo hilo vizuri. Mama mwenye nyumba hutazama mshahara uliosalia, hutazama sigiri yake moja, kisha hujiuliza atawalishaje wote bila kukopa. Nyama ya vipande haigawanyiki kwa haki: huyu hupata mnofu, yule hupata mfupa, na manung'uniko hubaki kambini hata juma la pili.

Kofta za mchuzi huondoa taabu hiyo. Hizi ni vidonge vya nyama ya kusaga vilivyopikwa katika rojo la nyanya. Jina lake asili yake ni Kiajemi, kutokana na neno la kuponda, na wapishi wa pwani wamezizoea sawa na kababu. Ubora wake mkubwa ni kwamba zinahesabika. Kilo 2 za nyama, zikichanganywa na mkate, hutoa kofta zipatazo 70 zenye ukubwa wa ndimu ndogo. Wageni 30 wakipewa mbili mbili, hubaki 10 kwa ajili ya watoto na askari aliye zamu.

Nyama iwe ya ng'ombe aliyechinjwa kwa halali, ili jirani Mwislamu naye ale bila wasiwasi. Isagwe siku ile ile ya kupikwa, wala si jana yake. Katika kipande kizima vijidudu huwa zaidi juu juu, na moto huviua upesi. Lakini mashine ikisaga huvisambaza hadi ndani.

Vipande 6 vya mkate mkavu viloweshwe katika maziwa kidogo, vikamuliwe, kisha vichanganywe na nyama, mayai 2, vitunguu maji 2 vilivyokatwa vidogo sana, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari, na vijiko vidogo 3 vya chumvi. Mkate si wa kuongeza wingi tu. Ndio unaoifanya kofta iwe laini. Mikono ilowe maji kabla ya kuviringa, na mchanganyiko usikandwe kama unga wa chapati, la sivyo kofta zitakuwa ngumu.

Wengi huzikaanga kwanza. Kwa sigiri moja hiyo ni kupoteza mafuta na makaa. Ni afadhali sufuria pana itayarishwe: vitunguu 5 vikaangwe hadi viwe rangi ya dhahabu, nyanya kilo 2 zitiwe na kupondwa kwa mwiko hadi mafuta yaelee, kisha maji lita 1 na chumvi. Mchuzi ukitokota, kofta zitumbukizwe mbichi, moja moja. Hapa ndipo haraka huharibu: kwa dakika 10 za mwanzo mwiko usiguse sufuria, kwani kofta bado hazijashikana. Itikiswe tu kwa masikio yake. Baadaye ifunikwe na kuachwa kwa moto wa wastani dakika 25 nyingine.

Kofta moja ivunjwe katikati. Ikionyesha wekundu, irudi motoni. Wenye kipimajoto cha jikoni watazame kifike digrii 71 za Selsiasi.

Wali hupendeza kwa mchuzi huu, na matoke pia. Anayetaka ladha ya Uganda hasa aweza kupunguza nyanya na kutia karanga zilizosagwa dakika za mwisho, ila akoroge polepole, maana karanga hushika chini.

Sufuria ibaki juu ya makaa muda wote wa hotuba, ambazo kwa kawaida ni ndefu. Kofta zilizopoa mezani zaidi ya saa 2 zisiliwe. Sehemu ya askari aliye lindoni iachwe ndani ya sufuria yenye moto, na arudipo mchuzi utokoteshwe tena ndipo apakuliwe.