Fahamu: Kwa nini hali mbaya ya hewa ni hatari ndege inapotua?
Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza.

Mvua yenyewe si adui mkubwa. Hatari ni rubani kutoiona njia ya kurukia na kutua, au upepo wa dhoruba kushuka ghafla na kuikandamiza ndege iliyokwisha kupunguza mwendo. Ndivyo ndege ya Delta 191 ilivyoanguka Dallas, Marekani, mwaka 1985, na watu 137 wakafa.

Rubani asiyeiona njia hutakiwa kupaa tena. Abiria, usimnung'unikie.