UZI: "Kujifungua ni bure" au "lipa kwanza"? Tuelewane kabla ya kubishana

1/ Hii maneno ya SHA haiishi. Ukisimama stejini Emali utasikia kambi mbili. Wa kwanza: "Akina mama walikuwa wanajifungua bure, mkawanyang'anya." Wa pili: "Siku hizi mama analipiwa vizuri kuliko zamani." Ukweli ni kwamba kila mmoja ameshika kipande chake. Twende polepole.

2/ Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka 2016 ikaja Linda Mama chini ya NHIF. Mama alijiandikisha tu, akahudumiwa kliniki, akajifungua, akafuatiliwa baada ya kujifungua. Hakuchangia hata shilingi. Serikali ndiyo iliyoilipa hospitali.

3/ Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na Linda Mama ikageuzwa kuwa Linda Jamii. Sasa bima ni ya nyumba nzima: baba, mama, watoto. Lakini pesa ziko katika mifuko tofauti, na hapa ndipo wengi wanapotea.

4/ Mfuko wa huduma za msingi: ukijiandikisha SHA, unatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya, bila kulazwa.
Mfuko wa SHIF: kulazwa, upasuaji na KUJIFUNGUA. Huu unataka mchango uwe umelipwa. Kwa hivyo "nimejiandikisha" na "nimelipa" si kitu kimoja. Wengine wanagundua hivyo wakiwa tayari na uchungu.

5/ Kambi ya pili inasema kweli wapi? Kwenye viwango. Linda Mama ililipa zahanati na kituo cha afya cha serikali Sh2,500 kwa mama aliyejifungua kawaida. SHA inalipa Sh10,000, na Sh30,000 kwa upasuaji. Pesa hiyo ikifika kwa wakati, hospitali inaweza kununua glavu na dawa. Ikichelewa, mama ndiye anatumwa dukani.

6/ Na kambi ya kwanza? Kwenye mlango. Zamani mlango ulikuwa wazi. Sasa una bei. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, asiskie hata. Asiyeajiriwa anapimwa uwezo kwa maswali, kisha anatakiwa kulipa mchango wa MWAKA MZIMA kwa mpigo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600.

7/ Tuseme mama anauzia wasafiri machungwa kando ya barabara ya Mombasa. Akipimwa kuwa na kipato cha Sh20,000 kwa mwezi, mchango wake ni Sh550, yaani Sh6,600 kwa mwaka. NHIF ya hiari ilikuwa Sh500 kwa mwezi, Sh6,000 kwa mwaka. Tofauti si kubwa hivyo. Kwa mwenye kipato cha chini kabisa, SHA hata ni nafuu. Shida ni kuzitoa zote siku moja, wakati yeye hupata pesa kwa siku, tena kutegemea kama magari yamesimama.

8/ Watu wa Makueni hawahitaji kufundishwa kulipa mapema. Kuanzia 2016 kaunti ilikuwa na MakueniCare: Sh500 kwa familia, mwaka mzima, katika hospitali za kaunti. Watu walilipa kwa sababu kiasi kilikuwa kinashikika. Udhaifu wake ni kwamba ilikuwa ya hospitali za kaunti tu, na Emali iko mpakani na Kajiado. Bima ya kitaifa ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Kwa hivyo ubishi si "bima ni mbaya". Ubishi ni "inalipwaje, na nani amlipie asiyeweza".

9/ Kama una mimba au mkeo anayo, siasa weka kando kidogo:
- Piga *147#. Angalia kama umejiandikisha, umepimwa uwezo, na umelipiwa. Ni mambo matatu, si moja.
- Mumeo ameajiriwa? Hakikisha jina lako limeongezwa kwake. Anaweza kuwa anakatwa kila mwezi na wewe haumo.
- Huna pesa zote? Kuna Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, unarudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, usisahau.
- Uliza hospitali unayotaka KAMA ina mkataba na SHA. Uliza pia ya pili: mambo yakiharibika usiku ukapelekwa Makindu au Wote, utaenda na gari gani?
- Mtoto akizaliwa, chukua hati ya taarifa ya kuzaliwa, fuatilia cheti, mwongeze kwenye bima.

10/ "Si ninunue bima ya kampuni?" Inunue kabla ya mimba. Nyingi zinakutaka usubiri karibu mwaka mmoja kabla zilipie uzazi. Ukienda na miezi minne tumboni, umechelewa. Uliza kikomo cha malipo ya upasuaji, na kama mtoto analindwa tangu siku ya kwanza au baada ya wiki kadhaa.

11/ Na haki yako? Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya ya uzazi kwa jina, na kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuilia akina mama Pumwani kwa sababu ya deni la hospitali kulivunja haki zao. Deni linaweza kudaiwa. Mama hawezi kufungiwa.

12/ Kwa hivyo mgombea akija Emali, wa kambi yoyote, usimuulize "unaunga mkono SHA?" Hilo ana jibu lake tayari. Muulize hivi: "Mama ana mimba ya miezi minane, hajalipa mwaka, hana Sh3,600. Nani atamlipia, kutoka bajeti gani, na hospitali italipwa lini?"

13/ Sheria ya 2023 inasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Basi mwambie akuonyeshe orodha ya eneo lenu inaandaliwaje na mtu anaingiaje. Akirudi kwa "zamani ilikuwa bure" au "sasa tunalipa Sh10,000", ujue amekwepa.

Una dada, shemeji au jirani mwenye mimba? Mtumie hii leo, asisubiri mwezi wa tisa.