Notepad yatosha kuanzia ukurasa wa duka

WAFANYABIASHARA wadogo na wafugaji wanaotaka kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti wao wenyewe hukwama mapema, kabla hata ya kuandika mstari wa kwanza. Wengine huambiwa wanunue programu ya bei kubwa. Wengine hufungua Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kuandikia barua na ankara, na hapo ndipo wanapopotea.

Ukurasa wa tovuti ni maandishi matupu tu. Maneno ya kawaida, kama vile "Vifaranga wa siku moja wanapatikana", huzungushiwa alama za HTML zinazoieleza kompyuta kipi ni kichwa cha habari, ipi ni aya na kipi ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Lugha hiyo ilibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN huko Uswisi, ambako tovuti ya kwanza duniani ilianzia. Tangu mwaka 1991 mengi yameongezwa, lakini faili lenyewe limebaki kuwa maandishi yanayosomeka kwa macho.

Word haihifadhi maandishi matupu. Ndani ya faili lake huweka pia maelezo ya aina ya herufi, rangi na ukubwa wa karatasi. Hata ikiagizwa kuhifadhi kama ukurasa wa tovuti, aya moja fupi hutoka na msururu wa maelezo ambayo anayejifunza hakuyaandika wala hayaelewi.

Ipo kero nyingine, ndogo lakini inayopoteza muda mwingi. Word hupinda alama za kunukuu ili zipendeze. Kwenye HTML, anwani ya kiungo hufungwa kwa alama zilizonyooka. Zikipinda, kivinjari huzihesabu kuwa sehemu ya anwani, na mteja anayebofya neno "Bei" haoni bei bali ujumbe kwamba ukurasa haupo. Muuza vifaranga anaweza kulitafuta kosa hilo siku nzima, maana kwa macho kila kitu kiko sawa, na wakati huo mteja ameshapiga simu kwa mwingine.

Cha kuanzia, basi, ni Notepad. Imekuwamo kwenye Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, haidai malipo ya ziada na haili nguvu ya mashine, hivyo hata kompyuta kuukuu ya dukani inaimudu. Mtego wake ni mmoja: bila kuelekezwa, huongeza .txt mwishoni mwa jina la faili, na kivinjari hakitalionyesha kama ukurasa. Wakati wa kuhifadhi, aina ya faili ichaguliwe "All files", kisha jina liandikwe kamili, mathalani bei.html. Mwenye kompyuta ya Mac atatumia TextEdit, ila aibadilishe kwanza iwe ya maandishi matupu kupitia menyu ya "Format".

Wiki mbili tatu zikipita, upungufu wa Notepad utaonekana. Haipaki rangi alama za HTML, kwa hiyo alama iliyosahauliwa kufungwa haijitokezi. Hapo ndipo panapofaa Notepad++, iliyotolewa na Don Ho mwaka 2003. Ni ya bure. Asitokee mtu wa kuiuza. Ipakuliwe kwenye tovuti yake rasmi tu. Huonyesha alama kwa rangi, huhesabu mistari, na lipo toleo linalokaa kwenye flashi kwa ajili ya wanaotumia mashine za kukodi. Kwa wanaokatiwa umeme mara kwa mara kuna faida zaidi: kwa kawaida hujiwekea akiba ya maandishi yasiyohifadhiwa, hivyo mashine ikizimika ghafla kazi nyingi huwa salama.

Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015, nayo ni ya bure na wataalamu wengi huitumia. Lakini ni nzito kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, na humdokezea mwandishi alama kabla hajazijua. Inaweza kusubiri.

Anayehofia kuchagua vibaya asihofu sana. FrontPage iliachwa na Microsoft mwaka 2006, na Atom ilifungwa mwaka 2022, lakini kurasa zilizoandikwa humo bado zinafunguka kwenye Notepad.

Kinachohitaji uangalifu wa kila siku ni faili lenyewe. Kabla ya kubadilisha bei, la jana linakiliwe kwenye flashi kwa jina lenye tarehe, mfano bei-machi-12.html. La leo likiharibika, la jana linarudishwa na wateja wanaendelea kuona bei.