Kundi la Wavivu? Tupime Kwanza Kabla ya Kuhukumu



Mahali pengi pa kazi, iwe ni shamba la chai, kiwanda cha kahawa au zahanati, wafanyakazi hugawanywa kwa makundi. Mwisho wa mwezi mkubwa wa kazi hutafuta wastani wa kila kundi, halafu anasema: "Hawa wa kundi la tatu ni wavivu, wapunguzwe." Basi hapo mama anapoteza karo ya watoto kwa sababu ya namba moja tu. Je, namba hiyo inatosha? Haitoshi. Iko njia bora zaidi, na anayejua kujumlisha na kugawanya anaweza kuielewa.

NJIA ILIYOTOKA SHAMBANI

Njia hii ni uchanganuzi wa tofauti. Wataalamu wa takwimu huiita ANOVA kwa kifupi. Aliyeianzisha ni Mwingereza Ronald Fisher, ambaye mwaka wa 1919 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Huko walikuwa wakijaribu mbolea. Shida yao kila mkulima anaijua: hata ukitumia mbegu moja na mbolea moja, kipande hiki kitatoa viazi vingi na kile cha pili vichache, kwa kuwa udongo si sawa. Sasa utajuaje kama mavuno yameletwa na mbolea au ni udongo tu? Fisher alieleza njia yake katika kitabu cha mwaka wa 1925, na baadaye ikaenea viwandani, hospitalini na maofisini.

WAZO LENYEWE

Tunalinganisha tofauti mbili. Ya kwanza ni tofauti kati ya makundi. Ya pili ni tofauti iliyoko ndani ya kila kundi, yaani kati ya watu walio chini ya nyapara mmoja. Kama ile ya kwanza inaishinda ya pili mara nyingi, kuna jambo la kuchunguza. Kama haiishindi, huenda ni bahati tu ya nani aliwekwa kundi gani.

MFANO

Tuseme tuna wachumaji chai 12 katika makundi matatu. Namba hizi ni za mfano tu, kilo za kila mtu kwa siku:

Kundi A: 30, 30, 36, 48. Wastani 36.
Kundi B: 27, 39, 45, 45. Wastani 39.
Kundi C: 27, 27, 33, 45. Wastani 33.

Kundi C liko nyuma ya B kwa kilo 6. Lakini hebu tazama ndani. Kundi C lina mtu wa kilo 45, sawa na walio bora wa kundi B. Na kundi B linalosifiwa lina mtu wa kilo 27. Sasa tuhesabu.

1. Kati ya makundi. Wastani wa watu wote ni 36. A limeachana nao kwa 0, B kwa 3, C kwa 3. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 0, 9 na 9, jumla 18. Zidisha kwa watu 4 wa kila kundi: 72. Gawanya kwa makundi kutoa moja, yaani 2. Jibu ni 36.

2. Ndani ya makundi. Tafuta kila mtu ameachana na wastani wa kundi lake kwa kilo ngapi, zidisha kwa yenyewe, ujumlishe. Kila kundi linatoa 216, jumla 648. Gawanya kwa watu 12 kutoa makundi 3, yaani 9. Jibu ni 72.

3. Gawanya 36 kwa 72. Unapata 0.5. Hii ndiyo huitwa F.

Kwa makundi 3 ya watu 12, jedwali la takwimu linataka F ipite 4.26. Kama makundi yote yako sawa, bahati peke yake huvuka hapo mara 5 tu kwa 100. Sisi tuna 0.5. Kwa namba hizi, hakuna ushahidi wa kusema kundi C ni la wavivu.

Sasa badilisha: A wachume 35, 36, 36, 37, B 38, 39, 39, 40, C 32, 33, 33, 34. Wastani ni ule ule, lakini F inaruka hadi 54. Hapo kweli kuna jambo.

TAHADHARI

Kwanza, F ndogo haithibitishi kwamba makundi ni sawa. Huenda watu ni wachache mno. Chukua kilo za majuma mengi, utafute wastani wa kila mtu.

Pili, F kubwa haisemi ni kundi gani wala kwa nini. Pengine kundi C limepewa michai mizee, au mteremko mkali, au liko mbali na mizani. Hilo halijulikani kwa kalkuleta. Ni lazima uende shambani ukawaulize wenyewe.

Tatu, usilinganishe makundi mawili mawili mpaka upate unachotaka. Ukijaribu mara nyingi, bahati itakudanganya.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alitetea haki na heshima ya mfanyakazi. Wahenga nao walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini watu si samaki. Kwa hivyo ukiwa kwenye kamati, au ukiwa mwakilishi wa wafanyakazi, na ukasomewa wastani peke yake, omba daftari la mizani lenye kilo za kila mtu. Kisha uliza: "Na ndani ya kila kundi, mambo yako vipi?" Siku hizi kompyuta itafanya hesabu hii kwa dakika moja. Kuuliza ndiyo kazi yetu.